Biskuti ya Pili ya Mzee Albertus

Kwa furaha isiyo kifani, Baraza la Ustahiki wa Ushauri wa Lishe linawatangazia wakazi wote wa mji wa Meppel na vitongoji vyake kwamba kuanzia Jumatatu ya kwanza baada ya mwaka mpya tunao mfumo bora kuliko yote duniani wa kumpata mtaalamu wa lishe, na kwamba mpaka sasa mfumo huo haujampata hata mmoja.

Hilo ndilo linalothibitisha ubora wake. Mtihani ambao watu wanafaulu ni mtihani wa aina gani? Swali hilo si langu, ni la Mwenyekiti wetu, Bwana Reinout Boskamp. Alipoliuliza, wajumbe wote waliinamisha vichwa kwa heshima, nami nikainamisha changu. Kiti changu ni cha mwakilishi wa wananchi, na kazi ya mwakilishi wa wananchi ni kuinamisha kichwa kwa niaba ya wengi.

Naitwa Harm Eleveld. Digrii sina. Ninayoyajua niliyasoma kwenye maktaba ya mji, mpaka ilipofungwa ili kuboresha huduma. Baraza linakutana katika jengo lililokuwa kiwanda cha maziwa, na pale anapoketi Mwenyekiti palikuwa na beseni kubwa la maji ya chumvi ambamo mimi nilikuwa nageuza jibini. Nilizigeuza mpaka siku tulipoitwa uani tukaambiwa kiwanda kinafungwa kwa manufaa ya wafanyakazi, kila mmoja akakabidhiwa kijiko cha ukumbusho. Aliyegawa vijiko ni Bwana Boskamp huyuhuyu, enzi hizo akiitwa mshauri wa mageuzi. Baadaye aliongoza Kamati ya Kengele za Baiskeli, ile iliyopendekeza kengele zipigwe kwa kibali. Halafu akaliokoa bwawa la kuogelea la mji lisichakazwe na waogeleaji: akalifunga. Mambo haya huwa hayanitoki kichwani. Daktari wangu anasema si afya. Kijiko ninacho bado, ndicho ninachokorogea kahawa vikaoni, na Mwenyekiti hajawahi kukitambua.

Tuje kwenye Kanuni yenyewe. Kifungu cha kwanza kinasema hivi: ushauri wa lishe ni neno, ishara au tendo lolote linalomfanya mtu mzima ale zaidi, ale kidogo, au aache kula. Anayeutoa bila cheti cha Baraza amekosa. Adhabu yake ni kutoruhusiwa kuketi mezani na watu wanaokula, isipokuwa akikubali kuandikishwa kuwa mwanagenzi wa lishe, ngazi ya chini kabisa, chini ya mtaalamu mwenye cheti. Kifungu cha mwisho ni kifupi na kinapendeza, na Mwenyekiti alikiandika kwa kalamu yake mwenyewe: desturi si utetezi.

Kifungu hicho kilizaliwa siku ya Bibi Roelie wa Hoogeveen. Bibi Roelie alimwambia mkwewe, "Ongeza viazi, wewe bado hujashiba." Mkwe hakulalamika. Alilalamika jirani, aliyesikia kupitia dirisha la jikoni.

"Bibi, una cheti?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Cheti cha nini? Nimelea sita, na wote wamenizidi urefu."

"Hiyo si taasisi inayotambuliwa."

"Mwanangu, kwetu mtu akija mezani anaambiwa aongeze. Ndiyo desturi."

Baraza likatafakari, likakataa utetezi wake, na Bibi Roelie akaambiwa achague. Akasema yeye na umri wake hawezi kuwa mwanagenzi wa mtu. Tangu hapo anakula bandani kwake pamoja na baiskeli na mashine ya kukatia majani. Wajumbe waliotumwa kumkagua waliripoti kwamba anaendelea vizuri, na kwamba hakuwakaribisha kitu.

Zamani kabla ya Baraza, mtu akitaka kuwa mtaalamu wa lishe alisoma chuoni miaka kadhaa, akafanya mazoezi hospitalini, akaandikishwa, basi, akaanza kuhudumia watu. Ndivyo ilivyokuwa, na watu walikuwa wanapona kiholela.

Sisi tumeongeza masharti. Kwanza, mwombaji awe na kiuno cha kuaminika. Akiwa mwembamba mno mgonjwa anakata tamaa, akiwa mnene mno mgonjwa anapata moyo, na yote mawili yanavuruga takwimu. Kipimo cha kiuno cha kuaminika kilichukuliwa kwa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na futi kamba. Pili, pawepo Ushahidi wa Malezi, yaani mwombaji athibitishe alilishwa nini alipokuwa mtoto. Aliyekuzwa kwa mkate wa punje za chokoleti asubuhi hawezi kumshauri mtu mzima. Kuna mjumbe alisema kwa sauti ya chini kwamba sharti hili linaweza kuondoa taifa zima. Mwenyekiti akamjibu kwamba ubora una gharama zake.

La tatu ndilo gumu kulieleza kwa mtu wa nje. Kila mtaalamu lazima ahudhurie siku ya mafunzo endelevu. Mchana wa siku hiyo inaletwa kroketi, lile bumba refu la mchuzi mzito wa nyama lililoviringishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa, ndani yake moto wa kuunguza ulimi. Mtaalamu akiila, anapoteza alama kwa kukosa nidhamu. Asipoila, anapoteza alama kwa kukosa ushirikiano. Mpango huu umesifiwa sana na wajumbe, ambao chakula chao siku hiyo huletwa kwenye chumba kingine.

Basi akaitwa mbele yetu Bi Froukje Abma.

Bi Froukje ni mtaalamu wa lishe wa Nyumba ya Wazee ya Rietkraag, au alikuwa, mpaka Jumatatu ile. Ni mwanamke mrefu wa jimbo la Friesland, wa kusema anachokiona. Alifika kwa baiskeli kwenye mvua, akaning'iniza koti lake nyuma ya kiti bila kuomba radhi kwa maji yaliyochuruzika sakafuni. Nyuma ya baiskeli yake ilikuja teksi ya wazee, akashuka Mzee Albertus Wubs, mlinzi wa zamani wa malango ya mfereji, mkono mmoja ameshika fimbo na mwingine ameshika suruali.

Suruali hiyo ndiyo kesi yenyewe. Mzee Albertus alifiwa na mkewe Hillechien wakati majani yanadondoka, akaacha kula. Hakugoma, alisahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli. Nguo zikaanza kumning'inia. Bi Froukje akakaa naye, akamuuliza Hillechien alikuwa anapika nini, akampangia: malai kwenye supu ya njegere, siagi isiyopakwa kwa ubahili, na kila kahawa biskuti mbili. Si moja. Mbili, kwa saini yake. Mzee akaanza kurudi mwilini. Halafu ikaja Jumatatu ile, saini ya Bi Froukje ikakoma, na Rietkraag ikamhamishia Mzee Albertus kwenye Mlo wa Wastani, ambao hauna malai, hauna siagi, na una biskuti moja. Mfumo wetu unawapa mlo huo wazee wote sawasawa, wanene kwa wembamba, na usawa ni jambo zuri.

Shabaha ya kikao ilikuwa ndogo tu. Bi Froukje akishindwa, saini yake inakufa moja kwa moja, na mkanda wa Mzee Albertus unaendelea kutafuta tundu.

"Bi Abma," Mwenyekiti akaanza, "ukiwa mtoto, asubuhi ulikuwa unakula nini?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Siagi."

"Na juu ya siagi?"

Bi Froukje akamtazama. "Unajua kilichokuwa juu ya siagi, Mwenyekiti. Hata paka wa nyumbani kwenu anajua."

"Kwa ajili ya kumbukumbu za kikao."

"Punje za chokoleti."

Katibu wetu, Gesina, mwanamke ambaye huandika kila linalotamkwa hata mtu akipiga chafya, akaandika.

"Hukukataa?"

"Nilikuwa sijajua hata kufunga kamba za viatu."

"Mama yako alikuwa na cheti?"

"Alikuwa na haraka."

"Bwana Mwenyekiti," nikasema, "pengine izingatiwe kwamba ni desturi ya nyumba zote."

"Desturi si utetezi, Bwana Eleveld," akanijibu kwa upole, kama anayemkumbusha mtoto kupangusa miguu. "Tuendelee. Siku ya mafunzo kule Apeldoorn, Bi Abma, kroketi uliila?"

"Niliikata nusu."

"Ukala nusu ipi?"

"Iliyokuwa karibu."

"Kwa hiyo umekosa nidhamu kwa nusu uliyoila, na umekosa ushirikiano kwa nusu uliyoiacha."

"Na aliyeipika amekosa nini?"

"Mpishi hayumo kwenye Kanuni."

"Ana bahati yake."

Hapo Mzee Albertus akagonga fimbo. Alikuwa ameandikwa kuwa shahidi, lakini ni mtu wa mfereji, amezoea kusubiri mashua, si watu.

"Samahani, bwana mkubwa. Mimi nani atanisainia?"

"Mfumo utakusainia, mzee."

"Mfumo unajua napenda supu yangu iweje?"

"Unajua jinsi mzee wa wastani anavyoipenda."

"Basi muiteni huyo mzee aje ale, mimi mnirudishie malai yangu." Akainuka, suruali ikataka kubaki kitini, akaiwahi. "Tazama mkanda huu. Wakati wa Krismasi ulikuwa unafunga hapa katikati. Hili la mwisho nimelitoboa jana kwa msumari. Nikitoboa jingine, mkanda utaisha."

"Hoja yako imepokelewa."

"Imepokelewa na nani? Na nitajibiwa lini?"

"Utajulishwa," akasema Mwenyekiti, na akasogeza karatasi zake kuonyesha kwamba mzee amekwisha kusikilizwa.

Nilifahamu kinachofuata. Sauti ile ya karatasi naikumbuka tangu uani, siku ya vijiko. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Baraza, baada ya kuzingatia kwa kina..." na mlango ukafunguliwa, Gesina, aliyekuwa ametoka mara moja, akaingia na kahawa.

Nchini kwetu treni zinasimama kwa sababu ya majani kwenye reli, lakini kahawa ya asubuhi haisimamishwi na kitu. Hukumu ikawekwa pembeni ya sahani. Vikombe vikazunguka, halafu likazunguka kopo la biskuti, lile la bati lenye picha ya wateleza barafu. Kila mjumbe akachukua moja, maana kwetu hakuna anayechukua mbili. Kopo likafika kwa Bi Froukje, akachukua moja. Likafika kwa Mzee Albertus, akachukua moja, akaiweka juu ya goti, na mkono wake ukarudi koponi kufuata ya pili, bila haraka, kama mkono unaojua njia.

Wajumbe wote tukaacha kukoroga. Hata mimi, naungama, nilisisimka mgongo. Nimeona watu wakivunja sheria nyingi maishani, lakini biskuti ya pili, hadharani, kwenye kopo la watu, sijawahi.

Mwenyekiti hakusukumwa na ubaya. Ni malezi tu. Mkono wake ulivuka meza wenyewe, ukachukua mfuniko, ukalifunika kopo mbele ya vidole vya mzee. Tak.

"Moja inatosha," akasema kwa tabasamu, jinsi watu wanavyosema.

Bi Froukje akaweka kikombe chini. "Mwenyekiti, umefanya nini?"

"Nimefunga kopo."

"Kwa nini?"

"Kila mtu ameshachukua."

"Mzee alikuwa anachukua."

"Alikuwa anachukua ya pili."

"Na sasa?"

"Sasa hachukui."

"Gesina," akasema Bi Froukje, macho yake bado kwa Mwenyekiti, "umeandika?"

"Nimeandika 'moja inatosha'."

"Na mfuniko?"

"Nimeandika 'tak'."

Mzee Albertus alikuwa bado ameelekeza vidole kwenye bati, akitazama wateleza barafu kwa masikitiko.

"Neno, ishara au tendo," nikasoma kwa sauti, maana kazi yangu pia ni kusaidia, "linalomfanya mtu mzima ale zaidi, ale kidogo, au aache kula. Mwenyekiti, samahani, una cheti?"

"Usinichekeshe, Harm." Hajawahi kuniita Harm, hata nilipokuwa nageuza jibini. "Sikumshauri mtu. Mama yangu anafunga kopo, bibi yangu alifunga kopo, kila aliyelelewa vizuri anafunga kopo."

"Naomba mwongozo wako basi. Hilo unalolieleza ni kitu gani?"

"Ni desturi, bila shaka, ni..."

Mvua ilisikika ikipiga madirisha ya kiwanda. Mjumbe mmoja alikuwa anatafuna, akaacha.

"Andika, Gesina," akasema Mzee Albertus.

Ikambidi Mwenyekiti achague, kama Bibi Roelie alivyochagua. Jumamosi alikuwa amealikwa kwenye chakula cha jioni na Kamishna wa jimbo, koti lake lilikuwa tayari kwa dobi. Jumapili mama yake anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa, viti vyote sebuleni vimepangwa duara, keki katikati. Nilimtazama akizipima karamu hizo mbili, halafu akilipima banda lenye mashine ya kukatia majani.

"Mwanagenzi," akasema mwishowe, "anakuwa chini ya nani?"

"Chini ya mtaalamu mwenye cheti," nikasoma.

"Lakini hakuna mwenye cheti."

"Kwa sababu ya ubora," nikamkumbusha.

Akageuka kwa Bi Froukje. Kiuno cha kuaminika kilikuwa kimelegea kitini. "Bi Abma. Kama Baraza lingekuomba..."

"Mimi? Nimejaa chokoleti, Mwenyekiti. Nitakuharibu."

"Msamaha unaweza kutolewa."

"Kwangu, au kwa chokoleti?"

"Kwa chokoleti yote. Ya nchi nzima."

"Na kroketi?"

"Nusu zote mbili."

"Na wazee wangu wanarudi kwenye mipango yao leo. Hakuna kujulishwa. Leo."

"Leo."

"Na Bibi Roelie anarudi mezani."

Hapo alisita kidogo. Nadhani lilimuuma zaidi kuliko mengine. "Arudi," akasema.

Azimio likapita kwa kauli moja. Wajumbe wote waliinamisha vichwa. Mimi changu safari hii nilikiacha juu, shingo ilikuwa imechoka.

Kwa hiyo Baraza linapenda kuwajulisha kwamba mwanagenzi wetu wa kwanza ameanza mafunzo. Mtaalamu wa lishe wa Rietkraag ni yuleyule wa zamani na mwanagenzi wake ni Mwenyekiti, na nilikwenda kuwakagua Alhamisi, siku ya supu ya njegere. Kwenye ngazi ya chini kabisa mwanagenzi anakaa mezani na wagonjwa, anatazama, na haruhusiwi kusema neno, kuonyesha ishara, wala kugusa mfuniko wowote. Ngazi hiyo aliibuni mwenyewe. Alikuwa amevaa aproni yenye kibandiko cha jina, na kabla ya kuketi Bi Froukje alimjazia Ushahidi wa Malezi pale pale, mbele ya wazee.

"Asubuhi ulikuwa unakula nini, Reinout?"

"Mkate."

"Sema yote."

"Punje za chokoleti," akasema Bwana Boskamp. "Za rangi nyeusi."

"Mtoto wa tajiri," bibi mmoja wa meza ya jirani akasema. "Sisi tulipata za maziwa tu."

Supu ikaja, nzito, vipande vya soseji ya moshi vikielea, malai yakiwa yamemwagwa juu ya bakuli la Mzee Albertus kama theluji ya kwanza. Mzee akainamisha uso akala, na hakuna aliyemwambia apunguze, wala aongeze. Mkanda wake nilipoutazama, msumari ulikuwa haujarudi kazini. Mwanagenzi alikosa kijiko, nikampa changu. Akakigeuza, akasoma maandishi mgongoni mwake, jina la kiwanda na mwaka, akanitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia anywe supu, itapoa. Kisha nikakumbuka kwamba sina cheti, nikamwomba Bi Froukje radhi, akasema amenisamehe kwa leo.

Baadaye ikaja kahawa. Kopo likazunguka, likafika kwa Mzee Albertus, akachukua moja. Halafu mkono wake ukarudi. Wa Bwana Boskamp ukainuka juu ya meza wenyewe, ukaona unaonwa, akaurudisha chini ya paja lake akaukalia. Mzee akachukua ya pili, akaichovya polepole, akaila akimtazama usoni.

Kopo likabaki wazi katikati ya meza. Sidhani kama mtu yule alikuwa amewahi kuliona kopo la biskuti likiwa wazi kwa muda mrefu namna hiyo. Alichungulia ndani. Akatazama madirishani. Akachungulia tena.

"Bi Abma," akasema kwa sauti ya chini, "naomba kuuliza. Mimi je, ya pili naruhusiwa?"

Bi Froukje akafikiri kwa kina, kama anavyofikiri Baraza.

"Tutaipeleka kikaoni," akasema.

"Cha lini?"

Mzee Albertus akamaliza kutafuna, akapangusa chenga kwenye masharubu, akamjibu kwa niaba yetu sote.

"Utajulishwa."